Mbwa wetu anameza kila kitu, juzi kameza mshipi wa samaki

SWALI

Dokta shikamoo. Mimi msomaji wako wa siku nyingi, nipo Kigoma mjini huku Kibirizi, naandika nikiwa nimechoka kabisa na usingizi sipati, naomba usione ajabu kwamba mtu na shida zote za dunia anaandika kuhusu mbwa, ila huyu mbwa kwetu ni wa nyumbani kabisa na naona tusipopata njia atakufa mbele ya watoto wangu.

Mbwa anaitwa Deni. Kuna mteja nilimkopesha dagaa akashindwa kulipa, akaja na kitoto cha mbwa ndani ya boksi la sabuni, watoto wakasema mama ndio deni limelipwa hilo, jina likabaki. Sahivi ana mwaka na miezi saba hivi, dume, mwekundu, mbwa wetu hawahawa wa kawaida sio wa kizungu. Kulinda analinda kweli, mimi natoka saa kumi usiku kwenda mwaloni kuwahi dagaa na namuacha na watoto bila wasiwasi.

Shida yake ni mdomo. Alivyokua mdogo alikua anakula kandambili tukasema meno yanaota ataacha, hajaacha, na tena huyu hatafuni tu akatema, anameza. Soksi za shule za mwanangu kameza mbili siku tofauti, zilitoka kwa haja kubwa nzima nzima mpaka unaona nembo. Kitambaa changu cha kushikia sufuria ya mawese kilienda. Gunzi la hindi la kuchoma. Vile vinailoni vya ubuyu wa watoto hata sihesabu. Mwezi wa pili alivunja rimoti ya tivii akatoa betri mbili, moja tuliikuta chini ina alama za meno inatoa majimaji, ya pili hatujaiona mpaka leo.

Halafu ikaja ishu ya nyavu. Baba watoto ni mvuvi wa dagaa, ilikua mbalamwezi amekaa nyumbani anashona nyavu uani, akaingia ndani kunywa chai, kurudi kipande kama cha mkono mzima hakipo na Deni anajilamba. Kipande hicho kilimlaza siku mbili, hali, anatapika povu la njano, mgongo kaukunja, jirani akasema mpeni mafuta ya mawese kikombe kizima aharishe, tukamshika tukammiminia, akakohoa sana lakini siku ya tatu kikatoka. Mbalamwezi iliyofuata akaokota risasi ya mshipi, ile ya kuzamishia, hiyo tuliwahi akaidondosha.

Sasa ya juzi ndio imenitoa machozi. Ijumaa usiku mwezi mpevu kabisa, baba watoto hakwenda ziwani, alikua anafunga mishipi yake ya migebuka barazani. Tunasikia mtoto anapiga kelele babaa Deni kala mshipi! Tukamkimbiza uani mpaka nyuma ya choo, mume wangu akamkamata akamtia mkono mdomoni, akatoa ndoano moja ilikua imenasa kwenye fizi lakini mshipi wenyewe ulishaenda, na yeye jino likamchana kidole damu ikatoka. Jumapili asubuhi tukaona uzi unaning'inia nyuma kwenye haja. Mume wangu akaushika akavuta taratibu, ukaja kama urefu wa futi nne hivi, mbwa analia, mwisho ukatoka. Tangu hapo anakula vizuri na anacheza lakini mimi moyo haujatulia.

Nyumbani sasa kila mtu ana lake. Mama mkwe anasema huyu mbwa ana kitu, angalia kila mwezi ukiwa mpevu ndio anapandwa, aondolewe. Mume wangu kasema akirudia tena anampeleka porini huko Mwandiga akamwache. Mwanangu wa darasa la tatu tangu asikie hivo halali, anaamka usiku kwenda kumchungulia. Mimi tumejaribu kila kitu dokta, tukimuona tu na kitu mdomoni nyumba nzima tunapiga kelele tunamkimbiza tunamnyang'anya, amechapwa sana mpaka roho inaniuma, tumemfunga mnyororo chini ya mwembe mchana kutwa, huko nako sasa ameanza kula udongo, amechimba shimo la kutosha kuzika ndoo.

Chakula anapata, sio kwamba ana njaa, kila usiku namsongea ugali wake na vumbi la dagaa lile linalobaki chini ya gunia. Chanjo ya kichaa alichomwa mwaka jana walivyopita mtaani. Dawa ya minyoo alipewa mara moja akiwa mdogo. Sasa dokta, huyu mbwa ana ugonjwa gani, na nifanye nini kabla mume wangu hajamtupa?

Mama wawili, Kibirizi

JIBU

Marahaba mwanangu, pole sana. Mimi nimefanya kazi ya mifugo miaka mingi na sijawahi kuona ajabu mtu kulilia mnyama wake, kwa hiyo hilo ondoa.

Kabla ya Deni nianze na baba watoto. Kile kidole. Jino la mbwa likichana ngozi damu ikatoka ni jeraha la mbwa, haijalishi mbwa ni wa kwenu na alikua hana nia ya kuuma. Linatakiwa kuoshwa palepale kwa maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 nzima kwa saa sio kwa kukadiria, halafu mtu anaenda hospitali. Umesema kachanjwa mwaka jana, vizuri, lakini hiyo chanjo inarudiwa kila mwaka, sasa tafuta kadi uone tarehe. Kama imepita au kadi haionekani usikae kubahatisha, kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili kwa binadamu karibu hakuna anayepona, na kabla ya dalili sindano zinazuia. Aende leo hata kama kidole kimeshakauka, aeleze vizuri ilivyokua, watampangia.

Kwa Deni mwenyewe sioni kichaa, kwa sababu tabia hii anayo tangu mtoto. Mbwa wa kuogopa ni yule aliyekua mtulivu miaka yote halafu ghafla ndani ya siku chache anaanza kuuma mbao na mawe na kula uchafu, mate yanamtoka, kumeza kunamshinda, sauti imebadilika, anarukia watu au anajificha gizani. Huyo usimtie mkono mdomoni hata ukiona mfupa umemkwama kooni, watu wamepata kichaa kwa kudhani wanatoa mfupa. Funga mlango, mwite afisa mifugo.

Haya sasa ule uzi. Mwanangu nakuomba umwambie mumeo kwa upole maana alifanya kwa kumwonea huruma, lakini asirudie tena maishani. Chukua bukta ya kamba, shika kamba upande mmoja halafu vuta, unaona kitambaa kinavyojikunja kunja chote kinarundikana? Ndivyo utumbo unavyofanya. Mshipi ukiwa umenasa mahali kwa mbele, labda umezunguka mzizi wa ulimi, labda ndoano imeshika tumboni, ukivuta huku nyuma utumbo unajikusanya juu ya uzi, na mshipi wa nailoni ni mwembamba mgumu, unakata ukuta wa utumbo kama unavyokata sabuni ya mche. Utumbo ukitoboka uchafu unamwagika tumboni na hapo hata ukiwa na daktari mlangoni kazi ni kubwa. Nyie mmebahatika kwamba ulikua hauna kitu kilichoshika mbele. Kwa hiyo uzi wowote, wa kushonea, wa nyavu, wa kiroba, ukiuona unaning'inia mdomoni au nyuma usivute. Unaoning'inia nyuma mrefu unaweza kuukata kwa mkasi ubaki mfupi ili asiukanyage wala kuuvuta mwenyewe, wa mdomoni usiukate, mpelekeni hivohivo. Na kwa kuwa ndoano ilitoka moja, muulize baba watoto kwenye ule mshipi alifunga ngapi. Mishipi ya migebuka inakua na ndoano nyingi, ahesabu. Kama kuna isiyojulikana ilipo daktari aambiwe hata kama Deni anacheza, ndoano ni chuma, ikipigwa picha inaonekana vizuri, tofauti na soksi au nailoni ambavyo picha inaweza isionyeshe kitu kabisa.

Halafu kuna kitu nimekiona kwenye barua yako nikairudia mara tatu. Nyavu, mbalamwezi. Risasi, mbalamwezi. Mshipi, mwezi mpevu. Mama mkwe ameona kitu cha kweli kabisa na mimi nampa heshima yake, kweli huyu mbwa matukio yake makubwa yanakuja na mwezi. Ila sio mwezi unaomuingia. Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawavutiki na taa, wavuvi wanapumzika, na baba watoto anarudi nyumbani na nyavu, mishipi, risasi, ndoano, vyote vinakaa uani na barazani. Wiki nyingine zote hivo vitu viko kwenye mtumbwi. Kwa hiyo hatari ya Deni ina kalenda, na mtu aliyepewa kalenda ya hatari ana nafasi kubwa kuliko asiyejua itakuja lini.

Na fikiria na pua yake. Wewe unaona wavu, yeye wavu ule ni dagaa. Umelowa dagaa miaka na miaka, ukikauka juani harufu inazidi. Kile kitambaa cha mawese ni chakula. Kinailoni cha ubuyu kina sukari na chumvi, gunzi lilikua na hindi juzi tu. Hata soksi ina jasho la mtoto anayempenda. Tangu Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea imekatazwa na imesaidia sana, zamani tulikua tunapasua ng'ombe na mbuzi unakuta matumbo yamejaa mifuko, lakini hivi vifungashio vidogo vya karanga na ubuyu bado viko kila uchochoro.

Sasa mbalamwezi ijayo kabla hata mwezi haujajaa mkubaliane na mumeo sehemu moja ya kushonea nyavu yenye mlango. Chumba, stoo, au aweke fensi fupi ya mabanzi barazani, mimi sijali ila kuwe na kitu kati ya mbwa na nyavu. Mishipi na ndoano ziingie kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana, ile ya rangi ya lita 20 inafaa kabisa, na akiinuka kunywa chai ndoo inafungwa kwanza, chai baadaye. Hata dakika mbili. Kipande cha wavu kiliondoka kwenye hizo dakika mbili. Na kazi ya kuhesabu ndoano jioni mpe huyo mwanao wa darasa la tatu akae na baba yake, baba ashike yeye ahesabu aandike kwenye daftari, huyo mtoto halali kwa sababu ameambiwa rafiki yake anatupwa na yeye hana la kufanya. Mkumbuke pia ziwa likifungwa watu wasivue, kama 2024 lilivyofungwa kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15, hapo nyavu zinakaa nyumbani miezi mitatu na sio wiki, mjipange mapema.

Nije kwenye kumkimbiza, na hapa nitasema sana maana ndio penye mzizi. Umeandika mwenyewe kwamba akionekana na kitu mdomoni nyumba nzima inapiga kelele na kumkimbiza. Mwanangu, Deni hajui kwamba soksi inaua. Anachojua ni kwamba kila akiokota kitu watu wanne wanamjia mbio kumnyang'anya, na sehemu pekee msiyoweza kumnyang'anya ni tumboni. Kwa hiyo anameza. Mbwa wengi wanaotafuna vitu huwa wanachoka wanatema, huyu wa kwenu amejifunza kumeza haraka, na kadri mnavyomchapa ndivyo anavyozidi kuwahi. Kwangu mimi hilo ni kubwa kuliko minyoo. Fimbo iishe leo, na mkono mdomoni uishe leo.

Badala yake mfundishe neno moja, tuseme "achia". Usianze na kitu cha hatari, anza na kijiti au kipande cha gome anachokipenda kidogo tu. Pika maini au bandama, kata vipande vidogo kama punje ya hindi, weka kwenye kikopo. Akiwa ameshika kijiti msogelee ukitembea kawaida, ukae chini pembeni yake sio mbele yake, sogeza ini karibu na pua. Pua itacheza, utaona midomo inalegea, kijiti kinadondoka, hapohapo sema "achia" na umpe. Halafu, na hapa watu wengi wanakosea, mrudishie kijiti chake. Ndio, mrudishie. Anatakiwa aamini kwamba mtu akija hapotezi kitu, anaongezewa. Mara tano sita kwa siku, dakika chache tu, watu wote wa nyumbani wafanye na mama mkwe pia akipenda. Baada ya wiki kadhaa unasema neno bila kuonyesha ini na anaachia, ndipo unahamia kwenye kandambili mbovu, kitambaa, mpaka vitu vyenyewe. Hatabadilika kwa siku tatu, msikate tamaa. Na siku ya hatari yenyewe kabla hajafuzu, usikimbie, tikisa kikopo cha ini ukielekea upande mwingine, wengi wanadondosha kitu wakufuate.

Chakula. Ulisema hana njaa na nakuamini kwamba tumbo linajaa, lakini mlo mmoja usiku maana yake kuanzia asubuhi mpaka jua linazama anazunguka na tumbo tupu akitafuta. Gawa mara mbili, asubuhi na jioni, kiasi kilekile. Ugali uwe wa dona. Na lile vumbi la dagaa, hapa nataka usimame kidogo. Dagaa zako zinaanikwa wapi, kwenye chanja au chini mchangani? Kama ni mchangani chukua hilo vumbi weka kiganjani, mimina maji kwenye bakuli, tia, koroga, acha litulie. Uangalie chini ya bakuli. Mchanga ule umekua unaingia tumboni kwa Deni kila usiku mwaka mzima, na mchanga ukijaa kwenye utumbo unaziba kama zege. Chekecha kwanza halafu osha kwa kumimina, dagaa zinaelea mchanga unabaki, pika hizo. Yai mara moja moja, vichwa vya samaki vilivyosagwa na kuchemshwa, maini kidogo. Mifupa ya kuku iliyopikwa hapana, inavunjika kama miiba. Na kokwa la embe, kwa vile unamfunga chini ya mwembe, ziokotwe zote kila asubuhi msimu ukifika, linateleza kooni vizuri sana halafu linakwama kwenye utumbo, sawa na gunzi. Gunzi linaweza kukaa tumboni wiki kadhaa mbwa yuko sawa kabisa, halafu siku moja likasogea likaziba, kwa hiyo lile la kwake kama hamkuliona likitoka mwambie daktari.

Kula udongo nako kuna sababu, tena inaweza kuwa ya mwili. Mbwa aliyepungukiwa damu anakula udongo. Dawa ya minyoo mara moja tangu azaliwe ni kidogo mno, minyoo safura inanyonya damu ndani na kupe wananyonya nje huku wakimwachia homa. Mwone afisa mifugo wa kata, mpelekee na kinyesi cha asubuhi kwenye kichupa safi, apewe dawa ya mbwa kwa uzito wake na irudiwe kila miezi mitatu, sio ya watoto mnayokadiria. Kupe wakaguliwe masikioni, kwapani na katikati ya vidole. Muulize na suala la risasi. Ile aliyoidondosha sawa, lakini kama mumeo akihesabu akakuta nyingine zimepungua, madini ya risasi yanaingia kwenye damu yanaleta kutapika, kutetemeka mpaka kifafa, na yenyewe tena yanamfanya mbwa ale vitu vya ajabu.

Upande mwingine wa udongo ni upweke. Mbwa wa miezi 19 ana nguvu kama kijana, mnafunga mnyororo kutwa nzima, atafanya nini zaidi ya kuchimba. Mfungulieni uani palipofagiwa kweli, na asubuhi au jioni mtu atembee naye kwa kamba nusu saa, mpande kule juu mlimani msishuke mwaloni kwenye vichwa vya samaki na ndoano zilizokatika. Asubuhi moja moja usimwekee chakula kwenye sufuria, chukua dagaa zilizooshwa zitawanye kwenye majani makavu azitafute kwa pua, akimaliza robo saa ya kunusa amechoka kama aliyekimbia. Mkiwa hampo kabisa kumwangalia, banda lenye sakafu ya saruji na maji, sio mnyororo. Na kuna kile kikapu cha mdomo cha waya au ngozi, mafundi viatu wanaweza kutengeneza ukiwaelekeza. Hakikisha anaweza kufungua mdomo mpaka mwisho, kuhema na kunywa maji, kwa sababu mbwa anapoza mwili kwa kuhema na kamba ya kubana mdomo inamuua kwa joto la huku kwetu. Mzoesheni kidogo kidogo na ini ndani, avae matembezini na saa ya nyavu, usiku avuliwe.

Halafu siku akimeza tena, maana inaweza kutokea hata mkifanya yote. Usimtapishe. Chenye ncha kinachana mara ya pili kikirudi, betri inaunguza koo mara ya pili, mafuta ya taa yanaingia kwenye mapafu. Usimpe maji ya chumvi, chumvi nyingi yenyewe inaua mbwa. Mawese ya kumiminiwa kwa nguvu pia hapana, ulivyosema alikohoa sana nilishtuka, mafuta yakipita njia ya hewa yanaleta homa ya mapafu. Usimpe Panadol wala diklofenaki kumtuliza maumivu, hizo ni sumu kwake. Unachofanya ni kuangalia saa, kubaki na kipande kilichofanana na alichomeza, na kupiga simu. Betri, ndoano, uzi, sindano na risasi haisubiriwi dalili, ni kwenda saa hiyohiyo. Ile betri bapa ya kitufe ya kwenye vitu vya kuchezea na mizani inaunguza ndani ya saa chache tu. Akiwa ametafuna betri na maji yake yametoka, kama ni mpole umsuuze mdomo kwa maji ya kawaida ukiinamisha kichwa yatoke nje, halafu uondoke. Soksi au kitambaa anaweza kukitoa ndani ya siku moja mpaka tatu, fuatilia haja yake kila mara kwa kijiti, lakini ukiona anatapika na kurudia, hataki kula, haja haipiti, tumbo gumu, au anainamisha kifua chini makalio juu kama anayesujudu, hapo ni utumbo umeziba na kila saa ina thamani. Zile siku mbili za povu la njano na mgongo uliokunjwa zilikua hizo hizo.

Kwa hiyo wiki hii, akiwa mzima, mpigieni daktari wa mifugo wa manispaa mumuulize moja kwa moja: nikija usiku mbwa amemeza ndoano, unaweza kupasua, au nani hapa mjini anaweza, na picha inapigwa wapi. Hospitali kubwa ya wanyama iko chuo cha Sokoine Morogoro, lakini treni kutoka kwenu ni zaidi ya siku nzima, kwa utumbo ulioziba huko ni mbali. Jibu la simu hiyo liandikwe ukutani. Wekeni na akiba kidogo kwa ajili yake, hata ya dagaa za bakuli moja kwa wiki.

Kwa mumeo, mwambie nimeandika mimi kwamba kumwacha porini sio kumwondolea shida, ni kumpeleka akale vya huko bila wa kumwona, na akiuma mtu huko hakuna kadi ya chanjo wala mwenyewe. Baba aliyemtoa ndoano kwenye fizi mpaka akachanika kidole hamchukii huyu mbwa. Mpe miezi miwili, mbalamwezi mbili, na ile ndoo ya mfuniko.

Leo jioni akiwa ametulia, asiwe na kitu mdomoni, mnyanyue mdomo wa juu pembeni uangalie fizi zake. Zinatakiwa ziwe za pinki kama za mtoto mwenye afya, ukibonyeza kidole panakua peupe na pinki inarudi ndani ya sekunde mbili. Angalia na pale ndoano ilipotoka kama pamevimba au pana usaha. Fizi zikiwa nyeupe usingoje Jumatatu, nenda kesho asubuhi, halafu niandikie walichokuambia.